Soketi ya Pili

Pioneer, Eldoret
2 Juni 2024

Otiende mwanangu,

Barua hii ikukute mzima huko Kisumu, na kile kifua chako kikiwa kimetulia. Mimi sijambo. Baridi ya hapa unaijua, nashona nikiwa na leso mbili mabegani.

Sikuandikii kukuuliza kwa nini hukuja kumzika Nicholas wangu, mwenzako wa chuo. Nakuandikia juu ya lile sanduku lake la kuangua mayai. Aliwaahidi akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, nao wakatoa mbao. Kim wa duka la dawa za mifugo ananicheka: "Mama Niko, za dijitali zimejaa mjini. Hiyo ya kijana wako ni mbao na waya tu." Akina mama wamenipa hadi mwisho wa Agosti. Kama halijaangua kufikia hapo, wanalivunja na mbao zinatengeneza rafu za jikoni kanisani.

Mimi nilifika darasa la nane, umeme siujui. Lakini nimeshona miaka ishirini na sita na najua kufuata mchoro. Nimefuata wake kwenye daftari, nikaendelea na ule ubao wa nyaya alioacha nusu. Niligeuza ukurasa dirishani nikaunakili kinyume, kwa sababu kazi hufanyiwa upande wa ndani, kama suruali. Nilipounganisha betri, ile chip ya miguu minane ilipata moto ikanichoma kidole.

Nimeweka nakala ya mchoro humu. Niambie nilipokosea.

Mama Niko


Kisumu
19 Juni 2024

Mama,

Nashukuru kusikia uko na nguvu. Pole kwa kidole. Kifua kimenyamaza tangu mvua ipungue.

Nimecheka peke yangu hadi mwenye duka akaniuliza kuna nini. Mama, mchoro wa Niko tayari ulikuwa wa upande wa ndani! Chuoni sisi wote tulichora kwa juu, yeye peke yake alichora kwa chini. Mwalimu alipomuuliza alisema, "Nyumbani tunakata hivi." Alijifunza mezani kwako. Wewe ukaugeuza mara ya pili, kwa hiyo umeme uliingia mguu usio wake.

Hiyo chip inaitwa op-amp. Kazi yake ni kulinganisha vitu viwili: joto unalotaka, ambalo unaliweka kwa kile kidude cha kuzungusha, na joto lililoko ndani ya sanduku. Likipungua, inaipa balbu nguvu. Likikaribia, inaipunguzia. Haiwashi na kuzima kama swichi, inapima nguvu kidogo kidogo.

Natuma chip tatu na soketi moja, kile kikalio cha kuchomekea chip. Chomelea soketi kwa waya wa risasi, kisha uiingize chip mwishoni, isiungue.

Mwanao,
Otiende


Pioneer
14 Julai 2024

Otiende mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, ila mahindi ya jirani yamelazwa na mvua ya mawe.

Imewaka! Nimetumia chip moja tu. Balbu ya gari inapanda na kushuka yenyewe bila mtu kuigusa. Nilikaa mbele yake kama mtu anayeangalia mtoto mchanga akipumua.

Shida ni hii. Nimeweka digrii 37.5, lakini kipimajoto kinafika 36.2 na kukaa hapo. Siku tatu sasa, 36.2. Daftari la Niko linasema niongeze nguvu ya chip. Nimeongeza. Sasa balbu inakolea na kufifia, joto linaenda 40, linarudi 35. Nikirudisha nguvu, inakaa tena 36.2.

Daftari linaishia hapo. Ukurasa unaofuata ni vipimo vya suti ya harusi ya mtu.

Siachi. Niambie kinachofuata.

Mama Niko


Kisumu
30 Julai 2024

Mama,

Natumaini hujambo. Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya kazi.

Hiyo 36.2 ndiyo iliyotugombanisha mimi na Niko Desemba. Nilimwambia chip moja haitoshi. Ikipunguza nguvu kadiri inavyokaribia, lazima itosheke kabla ya kufika. Inahitaji ya pili, yenye kapasita, kile kidude cha kuhifadhi umeme, ambayo kazi yake ni kuukusanya ule upungufu. Hata ukiwa mdogo, haiusahau. Inaongeza kidogo kidogo hadi pengo liishe.

Akasema, "Wewe Otiende unapenda kurundika vitu." Nikamwita kichwa ngumu, nikamwambia sanduku lake halitaangua hata yai la kware. Nikaondoka. Januari alinipigia simu mara mbili, sikushika. Kilichofuata ni habari ya ajali.

Ningesimamaje mbele ya jeneza lake, Mama?

Vitu vya chip ya pili viko kwenye kifurushi. Nimechora kwa upande wa ndani. Ukishawasha, joto litapita kwanza hadi 39 hivi. Usiguse kitu. Ngoja siku nzima kabla ya kuweka mayai.

Otiende


Pioneer
10 Agosti 2024

Otiende mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi.

Nilipogeuza ubao nitoboe nafasi ya chip ya pili, nilibandua kipande cha tepu nyeusi kilichokuwa pembeni. Siku zote nilidhani ni nafasi aliyoacha tu, kama pindo ninalomwachia mtoto anayekua. Chini yake kuna soketi. Ameshaichomelea, tupu. Nyaya zake zinafuata mchoro wako isipokuwa moja, nayo nimeihamisha. Na ameandika kwa kalamu yangu ya kuwekea alama kitambaa: "Ot. alikuwa sawa."

Hizo simu mbili, nadhani zilikuwa za kukuambia hivyo.

Niliingiza chip yako. Joto likapanda 39, mikono ikaniwasha, nikaenda kukata viazi ili nisiguse. Likarudi taratibu. Leo asubuhi ni 37.5, na tangu jana halijasogea. Betri iko kwenye chaja, stima ikipotea haijali.

Leo nimeweka mayai sitini ya akina mama. Siku ishirini na moja zinaishia tarehe thelathini na moja, siku ya mwisho waliyonipa.

Mama yako


Pioneer
1 Septemba 2024

Otiende mwanangu,

Uko mzima? Mimi sijalala vizuri, kelele ni nyingi mno.

Vifaranga ni arobaini na watatu. Wa kwanza alitoboa ganda jana nikiwa naweka zipu. Kim alikuja, akalizunguka sanduku, akauliza, "Hata skrini halina?" Nikamwambia atie mkono ndani. Aliuacha humo muda mrefu. Akina mama wamesema mbao zibaki zilipo.

Nicholas amelala Moiben, nyuma ya jiko la babu yake. Kuna mahali pa kusimama.

Sanduku sijalizima. Mayai mengine yanaingia Jumamosi, na hayo nataka uyaweke wewe. Usinijibu kwa barua.

Mama yako