Mawese kwenye rimu

Jumamosi, Kidahwe

Na bado watu wa msafara wangu wa baiskeli wananisifu kwamba nimewaongoza vizuri!

Leo kwenye mteremko breki za Mwalimu Zawadi, mstaafu wa Katubuka, ziligoma. Akakandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la mbele, kama wabeba mawese wanavyofanya, akasimama ukingoni mwa korongo. Wenzake wakapiga makofi. Mimi niliinama kutazama rimu yake. Jana oili iliniishia, nikapaka minyororo mawese, na kwa kitambaa kilekile nikafuta rimu zote, pale breki zinaposhika, ili zing'ae. Sikumwambia mtu.

Jioni nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rimu yangu inanuka mawese. Kesho utaendesha hii, mimi nitapanda yako."

Nimeosha baiskeli zote kwa sabuni. Yangu nimerudia mara tatu.

Bado inanuka.