Kawa Juu ya Sahani ya Shabani

Bibi yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, sinia lako limeegemezwa ukutani na kila mtu ana sahani yake. Ya mdogo wangu Shabani huwekwa pembeni, imefunikwa kawa. Baba mdogo ndiye aliyeamua, mara baada ya arobaini yako: "Kijana keshakua, mwacheni apumue. Akirudi atakula." Wote wakamsifu kwa huruma yake.

Wewe kawa ulilichukia. La wagonjwa na wasafiri, ulisema. Tulizunguka sinia, wali ukipoa, matumbo yakinguruma, mpaka Shabani aje. Baba mdogo alinung'unika, "Mama, samaki huyu atarudi baharini." Shabani akiingia, ulimnawisha mwenyewe kwa birika, kisha ukavinusa vidole vyake mbele yetu sote.

"Bibi, mimi mwanamume sasa!"

"Hata beberu akirudi namnusa. Leta na mkono wa pili."

Alicheka, akautoa. Wenzake walipomwita wakavute bangi, aliwaambia hawezi, kwao ananuswa. Walimzomea. Lakini nyumbani alikuja.

Sasa hanuswi na mtu. Huingia tukiwa vyumbani, hufunua kawa, hula peke yake, hutoka. Macho mekundu. Wiki hii hata kula hali; asubuhi naikuta sahani kama ilivyowekwa, wali umekauka. Na baba mdogo anauliza, kwa mshangao kabisa: "Huyu mtoto kaharibiwa na nani?"

Jana nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia: na kawa lako. Akaniita sina adabu. Huyu, Bibi, aliyelia matangani kuliko sisi wote, akasema umeondoka na nyumba yako. Hapana. Nyumba uliiacha. Yeye ndiye aliyeigawa sahani sahani.

Leo kawa nimelitia jikoni, likawaka vizuri. Sinia nimelisugua kwa majivu, nikapakua wali wote humo. Baba mdogo amekaa, kanuna. Hakuna anayegusa. Shabani nimempelekea ujumbe kwenye simu: "Njoo, njaa inatuua." Ameusoma. Hajajibu.

Siahidi kwamba atakuja, hilo siliwezi. Naahidi kwamba siku atakayokuja hatakuta chakula kilichofunikwa. Atatukuta sisi, tumenuna, tuna njaa, tunamngoja yeye.

Lala salama, Bibi. Birika nimelijaza. Liko hapa kando yangu.

Mjukuu wako,
Mwanaidi