Mzee wa kibanda cha bustani

Neema wangu anaolewa. Na Mwingereza. Huko huko Leeds!

Haya, sasa nawasalimu. Leo Jumanne, Troyeville imenyeshewa mvua ya mawe mchana huu mpaka bati la jirani likalia kama ngoma ya kanisani. Cherehani nimeifunika, nguo za wateja zisubiri. Mama mwenye habari kama yangu hawezi kushona mstari ulionyooka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Neema ni mtoto wangu wa kwanza. Nilitoka naye Uvira akiwa mgongoni, akasoma hapa hapa Joburg, leo ni muuguzi Uingereza. Muuguzi kamili, wa kuitwa na daktari kwa jina. Mimi niliishia darasa la sita, lakini tumbo langu lilisoma chuo kikuu. Wanaosema najisifu waendelee kusema. Nao wazae wa kwao.

Ila moyo wangu haujatulia. Nitaandika ukweli hapa, maana ukurasa huu haujawahi kunicheka.

Mimi Waingereza nawajua.

Sijafika kwao, lakini nawajua. Papa Neema analinda jengo moja la wenye pesa kule Sandton, na wapangaji wakihama huacha vitabu vyao getini. Ananiletea. Nasoma polepole, kidole kwenye mstari, na nimesoma vingi. Kisha kuna televisheni. Zile tamthilia za upelelezi za vijiji vya Uingereza sizikosi, nazitazama na rafiki yangu Mama Furaha, msusi, Mrundi, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Tumejifunza mengi. Ukimkanyaga Mwingereza, yeye ndiye anaomba msamaha. Mashine ya kufulia wanaiweka jikoni, karibu na chakula. Mbwa analala kitandani. Mgeni akifika kwenye msiba anapewa chai na keki, na yule anayekata keki kwa upole kuliko wote ndiye aliyeua.

Tena maiti hupatikana wapi? Kwenye kibanda cha bustani. Kila nyumba ya Mwingereza ina kibanda kidogo cha mbao nyuma, na kila kibanda kina siri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mkwe mtarajiwa anaitwa Edward. Kijana mzuri, mrefu, masikio mekundu. Anajaribu kula ugali kwa mkono, anaufinya kama mtu anayetafuta mfupa ndani yake, lakini anajaribu. Mama yake, Margaret, tunaongea naye kwa video kila Jumapili baada ya ibada. Ananieleza mvua ya kwao, namweleza mvua ya kwetu. Mama mwema, sina neno.

Ila baba yake sijawahi kumwona uso.

Kila Jumapili nikiuliza, Margaret anatabasamu na kusema yuko kwenye kibanda chake. Jumapili ya kwanza nikasema sawa. Ya pili nikasema labda ana kazi. Zilipoendelea nikaanza kuhesabu mambo mengine. Neema alikuwa ameshawaeleza desturi yetu: siku ya posa upande wa mvulana unakuja na mbuzi, na baba ndiye anayefungua maneno. Baba akikaa kimya hakuna posa. Na baba anayejificha ameshajibu.

Hili silisemi kutoka kwenye filamu. Shangazi yangu aliposwa Uvira, baba wa mume akatuma ujumbe kwamba ana homa. Watu wazima walielewa, lakini shangazi alikuwa amependa, wakafunga ndoa hivyo hivyo. Miaka yote aliyoishi katika boma lile hakuna siku baba mkwe alimwambia, kaa. Alisimama mlangoni na sahani mkononi mpaka akazeeka. Sasa mtoto wangu, mweusi, mkimbizi tangu mgongoni, aende kusimama mlangoni kwenye baridi ya Leeds? Kwa sababu ana mshahara na tabasamu?

Hapana.

Jumapili iliyopita ndiyo ilinimaliza. Tuko kwenye video, Mama Furaha yuko pembeni yangu na kitana bado nyweleni mwake, Margaret anaeleza habari za jirani. Nyuma yake, dirishani, nikaona mwanamume mzee anapita bustanini. Amebeba kitu kimezungushiwa blanketi, urefu wa mtoto mdogo, mguu mmoja umetokeza. Akaingia kibandani. Akafunga mlango.

Margaret aliendelea na jirani yake kana kwamba hakuna kitu.

Mama Furaha akaniinamia sikioni. "Mama Neema, mbwa wao umemwona leo?"

Sikuwa nimemwona, naye hakosi kila Jumapili.

Tulipokata simu nikampigia Neema. Nikamwambia posa sitaipokea mpaka yule mzee afungue mlango wa kibanda chake na aonyeshe uso. Neema alicheka, kisha akaona sicheki. Akaniambia natazama filamu nyingi. Nikamwambia filamu zimenifundisha kumtazama mtu mikono, lakini kukataliwa nilifundishwa na shangazi yangu. Akakata simu. Jana sikupata hata salamu ya asubuhi. Papa Neema akaniuliza kama nimefurahi sasa. Nilienda kufumua mshono ambao haukuwa na kosa.

Leo mchana, mvua ya mawe ikiwa juu ya bati, simu ikalia. Neema, macho mekundu. Hakunisalimu. Aligeuza tu simu na kuanza kutembea ndani ya nyumba ya Margaret: jikoni, mashine ya kufulia (nilijua!), mlango wa nyuma, majani mabichi, kibanda. Edward akagonga. Mlango ukafunguka.

Mbwa alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye takataka za mbao, na pembeni yake alisimama mbuzi.

Mbuzi wa mti. Amechongwa. Pembe moja kubwa kuliko nyingine, ndevu, miguu minene kama ya meza. Na nyuma ya mbuzi, mzee amesimama na kofia mkononi, masikio mekundu zaidi ya mwanawe. Anaitwa Ronald. Aliongea chini sana, Neema akinitafsiria ingawa nilisikia kila neno.

"Mimi si mtu wa maneno. Neema alisema siku hiyo atakayezungumza ni mimi, nikaogopa. Na mbuzi hai ndege haimchukui. Nikaona angalau nisije mikono mitupu."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya Kiingereza, mengine kutoka vitabuni. Yaliondoka yote. Nikamuuliza kwa nini pembe hazilingani. Akasema mti ulikuwa na kidonda upande ule. Papa Neema, ambaye ametoka zamu amechoka na hacheki ovyo, alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Furaha nimempelekea habari, akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Amekubali kwamba si maiti. Amesema pia tumwangalie, mtu mkimya ni mkimya tu.

Nami namwangalia bado, sitawadanganya. Mtu anayeweza kuficha mbuzi mzima anaweza kuficha mengine. Pia nashangaa watu wa uwanja wa ndege watafikiri kuna nini ndani ya yule mbuzi. Mimi mwenyewe ningempasua nione. Na shemeji yangu wa Diepsloot, mkubwa wa Papa Neema, ambaye ndiye atakayejibu kwa upande wetu, hawezi kula mti. Kwa hiyo tutanunua wa kweli hapa, na wa Ronald atasimama karibu na televisheni, alindwe na vitabu.

Neema amenitumia ujumbe jioni hii. Neno moja tu: Mama.

Nimefuta viti vyote. Kile kizuri, cha mikono, nimekiweka mbele kabisa, kinatazamana na changu. Ronald akiingia tu, mimi mwenyewe nitamwambia kaa. Nitamtazama mikono, nitamtazama macho, kisha nitamsubiri afungue maneno, hata kama itatuchukua mchana mzima. Na akimaliza, nataka nimsikie akimwambia mtoto wangu neno lile lile.

Wa Leeds, wa Troyeville na wa Diepsloot, nawangoja wote Jumamosi ya pili ya Desemba.