Mkwe Aliyeona Kitambaa Chekundu

Katuba, Elisabethville
18 Machi 1962

Mpendwa mdogo wangu Clément,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya Ubelgiji haijakurudisha kwenye kikohozi chako. Sisi tungali hai, na katika Katanga ya sasa hiyo ni habari ya kutosha. Mama anatembea, ila goti linamsumbua. Dada yetu Mujinga amekonda. Unajua sababu.

Barua yako imefika pamoja na picha. Nimekuona umesimama kando ya kile chumba cha chuma kinachotikiswa sakafuni ili marubani wajifunze bila kuruka. Unaandika kwamba umepata kazi ya kudumu katika usalama wa ndege, na kwamba unawafundisha hivi: ajali haitoki katika ubaya wa mtu mmoja, hutoka katika namna kazi ilivyopangwa. Maneno mazuri. Kadiri nilivyoyarudia ndivyo hasira ilivyonipanda.

Kwa nini hukuyasema hapa?

Nikukumbushe, maana naona Ulaya inasahaulisha. Baba ni fundi wa ndege za mizigo. Edouard, mume wa Mujinga, alipangwa kupita nyuma yake na kukagua kazi yake. Mzungu aliyepanga hivyo hakuuliza kama mmoja ni mkwe wa mwingine. Asubuhi ile ya Oktoba Baba alisahau kuondoa kibao kinachobana usukani wa mkia usipigwe na upepo. Kitambaa chake chekundu kilikuwa kinaning'inia, na Edouard alikiona. Lakini rubani alikuwa pale, wapakiaji walikuwa pale, na kwetu mkwe hamwambii baba mkwe "umekosea" mbele ya watu. Hutafuta mtu wa tatu apeleke neno. Akakimbia kumtafuta Chanda, rafiki wa Baba. Alipompata, ndege ilikuwa inakwenda, na rubani mwenye haraka hakuujaribu usukani. Ilianguka, watu wawili wakafa.

Wewe, uliyesomea saikolojia, ulitumwa kuchunguza, na uliyajua yote. Mezani kwangu uliniambia mimi kaka yako: "Yaya, hapa hakuna mharibifu. Waliweka mukaguzi mwenye hawezi kusema." Kesho yake ukamketisha Edouard mbele ya vipande vyako vya mbao na madoa yako ya wino, vya kupimia akili za watu, ukatia saini kwamba ana chuki iliyojificha dhidi ya wakubwa wake. Muluba wa Kasai mwenye chuki! Wenye Katanga hii iliyojitenga, wanaowaona watu wa Kasai kuwa maadui, walikuwa wakingoja hilo tu. Walikuchagua wewe kwa sababu saini ya shemeji hakuna atakayeitilia shaka. Edouard akapelekwa gerezani kwa shtaka la kuiharibu ndege kusudi, wewe ukapelekwa Brussels.

Usiniambie ulikuwa unamlinda Baba. Hoja hiyo nimeipima kwa niaba yako, nikaitupa. Baba hakuomba kulindwa.

Sikia alichofanya. Jumatatu alivaa koti la misa akaenda kwa mwendesha mashtaka, nami nyuma yake. Yeye ambaye hajapata kula chumba kimoja na Edouard alisimama mbele ya makarani na askari, akasema: "Kosa ni yangu. Mukwe wangu aliona, akanionea haya. Kwetu desturi njo vile."

Mwendesha mashtaka akacheka. "Muzee, haya haiangushake ndege! Ulete muntu wa masomo aseme vile, nitaandika." Karani mmoja akamwuliza kama bibi yake naye anarushaka ndege kwa desturi. Baba akavaa kofia yake. Tulirudi Katuba kwa miguu.

Muntu wa masomo ni wewe, Clément. Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko mabwana wale wote, nimeandika makala mpaka gazeti likafungwa, lakini kwao mimi ni mgomvi tu. Neno lako walilipokea lilipokuwa uongo. Wakilikataa likiwa kweli, nchi nzima itawaona. Kesi itasikilizwa baada ya Pasaka. Kwa uharibifu wakati wa vita hukumu ni risasi. Andika ulichoniambia, utie saini, umtumie wakili wa Edouard, na magazeti ya huko uyape nakala. Wakikufukuza kazi huko, utakuwa umefukuzwa kwa kusema kile wanachokulipa kufundisha.

Mama anakusalimu na kukuombea kila jioni; sijamweleza kwamba kalamu iko mkononi mwako. Mujinga hakutaka kuandika. Nilimwuliza Baba kama ana salamu, akaendelea kunoa patasi yake.

Edouard anakusalimu. Aliniambia kupitia nondo za gereza: "Umuambie Clément sina kasirani. Miye nilikuwa na haya, naye iko na haya." Yeye ni mwema kuliko mimi. Haya yake ilimpeleka mbio kutafuta mtu wa kusema. Yako imekupeleka mbio tu, mpaka Ubelgiji.

Mungu akuhifadhi, akunyime usingizi mpaka uandike.

Wako, akupendaye na ambaye bado hajakusamehe,

Yaya Stanislas