Jina Lako Chini ya Maneno Yangu

Deo wangu,

Leo nimefungua kompyuta yetu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nimekaa hapa hapa nyumbani Shanwe, Mpanda, kwenye kochi lililobonyea upande wako. Blogu yetu ya filamu imefunguka na picha yetu juu: mimi nimekodoa macho, wewe umejifunika khanga usoni. Wasomaji walidhani ni utani. Hawakujua kwamba mchambuzi wao wa filamu za kutisha alizitazama hivyo hivyo, akiuliza kila baada ya dakika mbili, "Ameshakufa? Niambie ameshakufa nitoe kichwa."

Homa ya siku nne tu, Deo. Kuna filamu tuliiacha nusu, na siwezi kuimalizia.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Unakumbuka nilipoandika ile makala ya kuuliza kwa nini kwenye filamu hizi msichana aliyelala na mpenzi wake ndiye anayekufa kwanza? Niliandika kuhusu tamaa ya mwanamke bila kuifunika, kisha nikaogopa kutia jina langu, mimi mwalimu wa chekechea na mwanakwaya. Ukasema, "Tia langu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, nani atanifukuza kazi?" Na ile yako, ya jinsi mvulana anavyofundishwa kuficha woga mpaka anakuwa mkatili, tukaitia jina langu. Tulicheka sana. Ikawa desturi yetu kwa kila makala. Watu wakanisifu mimi kwa busara zako, na wewe wakakutukana kwa maneno yangu.

Kule kwenu Inyonga, mzee wa kanisa alisimama mbele ya jeneza lako akasema tukuombee msamaha, maana uliandika machafu kuhusu wanawake kwenye mitandao. Mama yako aliinamisha kichwa. Bega langu lilikuwa linagusa lake, na nikanyamaza. Siku ya kuanua tanga aliniita nyuma ya jiko, mikono bado ina unga, akaniuliza polepole, "Mwanangu, nyie mliishi pamoja. Deo alikuwa anawaza mambo yale kweli?"

Nikamjibu, "Tuyaache, Mama, ameshapumzika."

Nilikukana, Deo, na nilijua ninachofanya. Tangu siku ile hajalitaja jina lako kwenye simu. Ananisalimia, anauliza kama nimekula, anakata. Mama aliyekuwa anakutumia asali kila akipata mtu wa kuja Mpanda, sasa anaona haya hata kukulilia. Hilo nimelifanya mimi.

Kwa hiyo asubuhi hii nimebadilisha majina, makala moja baada ya nyingine, yangu kwangu na yako kwako, na juu nimeeleza tulivyofanya. Chai haijapoa, mtu ameshaniandikia kwamba ndiyo maana nimekuwa mjane. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Wewe ulisoma ya namna hiyo miaka yote hapo mezani, ukaendelea kula ugali wako, ukaniambia, "Ni maneno tu, mke wangu." Nikakuamini kwa sababu ilinifaa kukuamini. Nisamehe.

Mwalimu mkuu bado hajapiga simu. Akipiga nitapokea.

Jumamosi nakwenda Inyonga. Nimechapisha ile makala yako ya woga kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, maana macho ya Mama yameanza kuchoka. Nataka amsikie mwanawe kwanza. Halafu nitamjibu alichoniuliza, hata kama baada ya hapo hatanipa tena kigoda cha kukalia. Nitamwambia, Mama, yale yote niliyawaza mimi. Deo alinibebea tu.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi hutalala tena na aibu yangu juu yako.

Mkeo,
Skola