Nilivyomshusha Cheo Admirali

Jeppestown, Johannesburg
Novemba 2017

Shikamoo Dada Mwajuma,

Natumaini goti limetulia na shemeji bado anakuchekesha. Mimi mzima, ila juzi nusura nife kwa aibu, na kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kushona, nusu ya aibu ni yako.

Mteja wangu Bi Margaret, bibi wa kizungu wa mtaa wa Observatory, aliniletea koti la marehemu baba yake, ofisa wa jeshi la majini. Lingewekwa mbele ya kanisa, Jumapili ya kuwakumbuka wanajeshi. Nibadilishe bitana tu na kukaza utepe wa dhahabu mikononi: mpana mmoja, mwembamba mmoja. Nilipoufumua nikaona vitundu vya zamani vya sindano, vya mistari minne myembamba. Kumbe mzee alipunjwa! Fundi wako mjanja akatafuta utepe, akamrudishia minne yake.

Jumapili asubuhi nikampelekea. Akavaa miwani, akahesabu, akakaa kitini pu!

"Fundi, umemshusha baba cheo! Minne ni nahodha. Ule mpana ndio admirali. Na ibada ni saa nne!"

Ilikuwa saa tatu na nusu. Namshukuru Mungu, utepe mpana nilikuwa nao mkobani. Yeye akafumua, mimi nikashona kwa mkono.

"Vita vya kwanza vya dunia aliingia na mstari mmoja," akaniambia. "Meli yao ikazama, akaelea na ubao mpaka kulipokucha. Vya pili akaongoza meli yake mwenyewe, ndiyo hii minne. Mpana walimpa mwishoni, wakamfungia ofisini. Shona, acha kunitazama!"

Kengele ikalia tukiwa tumemaliza mkono wa kulia tu. Akalikunja koti, wa kushoto akauficha chini. Kanisani nikakaa nyuma, jasho linanitiririka, naomba mtu asiliguse. Baharia mmoja mkongwe akasukumwa mbele kwa kiti cha magurudumu. Akalipapasa koti, akauvuta ule mkono uliofichwa, akahesabu kwa kidole. Bi Margaret akafumba macho.

"Huyu wa minne ndiye nahodha wangu," mzee akasema. "Yule mwingine sikumjua."

Akapiga saluti.

Bi Margaret amenikataza kuumalizia mkono wa kushoto.

Nisalimie mama, na shemeji, na binti yako anayejifunza cherehani. Huyo mwambie amuulize mwenye nguo kabla hajafumua.

Mdogo wako asiyekua,
Hamisi