Mchicha wa Mama Filomena, Kiangazi Kile cha Temeke

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka hapa nyumbani Temeke, na bado jirani wakipita uani huita, "Hodi, Mama Filomena!" kabla hawajakumbuka.

Bustani ilikuwa furaha yako. Jua likichomoza lilikukuta umeshainama kati ya matuta, kanga umejifunga kiunoni, unasemesha bamia kama unasemesha watoto.

Tunakikumbuka kiangazi cha mwaka 1974, vuli ilipokataa kunyesha na bomba la mtaa likawa linatoa upepo mtupu. Jirani yetu Mwanabaraka alikusema mbele ya foleni nzima: "Wenzio tunatafuta maji ya kunywa, wewe unanywesha bamia!" Ulirudi na ndoo tupu, ukaketi kizingitini.

Tangu siku hiyo tone la bomba halikugusa bustani. Uling'oa nyanya na biringanya, ukabakiza bamia chache na tuta la mchicha.

"Hata biringanya zangu?" Baba alilalamika.

"Tukizing'ang'ania zote, Baba Filomena, zote zitakufa."

Ukafunika udongo kwa majani makavu, ukaezeka makuti juu ya vijiti kuzuia jua la mchana. Maji yaliyooshewa mchele uliyamimina kwenye mashina taratibu, jioni, joto likishapoa. Mchicha ukasimama.

Ndipo Mwinshehe, mtoto wa Mwanabaraka, wakati huo wa miaka miwili, akatoka hospitali amebaki mifupa. Walimwambia mama yake ampe mboga za majani, na sokoni Buguruni hazikuonekana. Ulipopata habari ulimtuma Filomena na fungu la mchicha. Kesho yake tena. Hukungoja kuombwa radhi.

Mwanabaraka alikuja mwenyewe, machozi yanamlengalenga. "Mama Filomena, nilikukosea."

"Yameisha, mwenzangu. Jua bado kali. Chukua majani makavu haya, twende tukapande na kwako."

Mwaka huu Mwinshehe ameanza darasa la kwanza. Siku ya kwanza mama yake alimpitisha kwetu akiwa na sare yake mpya. Baba alimshika kichwani.

Asante, Mama, kwa mikono yako na kwa moyo wako usioweka kinyongo.

Unakumbukwa na mumeo Gregori, wanao Filomena, Yustina na Fransis, dada yako Anastasia wa Chanika, na Mwanabaraka, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ya ndugu.

Mama Filomena, Eufrazia wetu, hatutakusahau maisha yetu yote.